Mlinzi wa Hospitali ya Mazimwi

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Mchana wateja wakipungua, huwasha mchezo wake wa video wa kutisha, toleo lake la pili, ambalo amelimaliza mara nyingi mpaka tumechoka kumcheka. Hushika kontrola kwa ncha za vidole, kama anayetunga uzi kwenye sindano, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Anajua kila zimwi linakotokea, na hulikaripia mapema: "Toka hapo kabatini, nimekuona!" Kabati likifunguka, anaruka kitini vilevile.

Juzi alikuwa akikimbia ndani ya hospitali moja ya mchezoni, akiwapita mazimwi bila kufyatua risasi, hadi kwa mlinzi mzee aliyelala sakafuni akivuja damu.

"Shangazi, huyo haponi," nikamwambia. "Mchezo umetengenezwa hivyo. Hata ucheze mpaka kesho."

"Najua, mwanangu. Ila mara ya kwanza niliogopa, nikampita mbio."

Akaweka kontrola mapajani, akabaki na yule mzee. Mteja akapiga hodi mlangoni. Shangazi akamwashiria kwa mkono angoje. Mzee alipokata roho, ndipo akainuka.

"Karibu," akamwambia mteja. "Samahani, nilikuwa na mgonjwa."