Buddy wangu alinipa ishara ya hewa chini ya bahari Diani, nikamwambia asubiri

Wakuu, natumai mko salama popote mlipo.

Mimi humu huwa ni msomaji tu, wa kupita kimya kimya. Leo nimeona nami nitoe yangu. Ni kisa cha kweli na sitaongeza chumvi. Ningetaka kujipamba nisingeandika kabisa, maana sehemu kubwa ya haya inanishusha mimi mwenyewe.

Twende.

Nafundisha baiolojia kwenye sekondari moja huko Nakuru. Kila mwaka tukifika kwenye mada ya uzazi, huwa nawaambia wanafunzi kuhusu farasi wa baharini. Ni samaki mdogo, kichwa kama cha farasi, na dume ndiye anayebeba mimba na kuzaa. Darasa zima hucheka. Mwaka juzi binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, wewe umewahi kumwona?"

Nikasema hapana. Lile swali likanikaa.

Nikajifunza scuba, kupiga mbizi na mtungi wa hewa. Msicheke. Nilianzia kwenye swimming pool, nikamalizia baharini, nikapata cheti. Halafu likizo iliyofuata nikajiunga na group trip ya siku sita huko Diani, ya watu wanaopenda viumbe vya baharini. Mnapiga mbizi kila siku na guide, jioni mnakaa pamoja anawafundisha majina na tabia za mliowaona.

Tulikuwa sita. Sitawachosha na wote. Wa kujua ni watatu.

Wa kwanza ni Hamisi, guide wetu. Mzaliwa wa Gazi, miaka thelathini na kitu, mpole wa sauti ila kwenye sheria za maji hana mzaha hata kidogo.

Wa pili ni Kevo, jamaa wa Nairobi, mchangamfu, mdomo haufungi.

Wa tatu ndiye mwenye kisa hiki. Bi Zainabu.

Bi Zainabu ni nesi mstaafu kutoka Msambweni. Ana miaka hamsini na nane. Alikuwa anavaa wetsuit, ile nguo ya mpira ya kupigia mbizi, ya mwili mzima na kofia yake ya kuogelea iliyofunika nywele zote na shingo. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza kilichomleta kwenye mambo haya.

Akaniambia, "Mwanangu, miaka yote ya kazi nimewaosha wavuvi vidonda. Huyu kachomwa na mwiba, huyu kakanyaga gamba la chaza, huyu masikio yamepasuka. Nilipostaafu nikasema, hebu na mimi nikaone huko wanakotoka."

Hamisi akatupanga wawili wawili. Mimi nikawekwa na Bi Zainabu. Kwa wasiojua, huyo ndiye anaitwa buddy. Mnashuka pamoja, mnapanda pamoja, yeye anaangalia hewa yako nawe unaangalia yake. Mtungi wako una mdomo wa kupumulia wa akiba, wa rangi ya njano, na huo kimsingi si wako. Ni wa mwenzako akiishiwa.

Hamisi alilisema hilo kila asubuhi mpaka Kevo akawa anamalizia sentensi.

Siku tatu za kwanza zilikuwa raha tupu. Ulikuwa msimu wa kaskazi, maji yametulia. Tuliona samaki aina ya taa wamejifukia mchangani macho tu yakichungulia. Tuliona pweza akibadilisha rangi mbele yetu, kahawia, nyeupe, kahawia tena. Bi Zainabu kila akiona kitu kipya alikuwa ananishika mkono na kuuminya. Nilizoea ile minyo.

Farasi wangu sikumwona.

Siku ya nne tulishuka upande wa Kinondo. Kama mita kumi na nne hivi, pembeni ya mwamba, pana majani ya baharini. Tulikuwa nyuma kidogo ya wenzetu, Hamisi yuko mbele lakini anaonekana.

Nikamwona.

Wakuu, alikuwa mdogo kuliko kidole changu cha kati. Amejifunga mkia kwenye jani, anayumba nalo. Na tumbo limejaa. Dume mwenye mimba, hapo hapo mbele ya uso wangu!

Nikatoa kamera.

Bi Zainabu akaniminya mkono. Nikadhani anafurahi nami. Nilipogeuka nikaona amekunja ngumi kifuani. Maana yake hewa inapungua, twende.

Nikamwonyesha kiganja. Subiri.

Akasubiri. Mama wa watu akasubiri, huku mimi napiga picha. Jani linayumba, picha inatoka na ukungu. Narudia. Akaniminya tena, safari hii akanisogezea geji yake ya hewa machoni. Sindano ilikuwa kwenye nyekundu. Niliiona vizuri, sitawadanganya hapa kuwa sikuiona.

Nikainua kidole kimoja. Moja tu ya mwisho.

Kwa nini hakuniacha akaenda kwa Hamisi? Nilimuuliza baadaye. Alisema kwanza alidhani mwalimu anajua anachofanya, na alipoona sivyo, hakuwa tena na hewa ya kumtosha kumfikia Hamisi.

Nilipata ile picha. Nikageuka na furaha zangu, nikamkuta anapitisha mkono shingoni. Hiyo ishara haina maana nyingine. Hewa imekwisha.

Nikapapasa mdomo wa njano. Mkanda wa kamera ulikuwa umezunguka mpira wake wa hewa. Nikavuta, haukuja. Nikavuta tena. Macho ya Bi Zainabu nyuma ya kioo yalikuwa makubwa, lakini hakunirukia wala hakunishika koo. Aliniangalia tu mikono.

Sijui Hamisi alifika vipi. Niliona mapezi yake, nikaona mkono, na Bi Zainabu tayari anapumua kwenye mdomo wa akiba wa Hamisi.

Tukapanda taratibu. Kwenye mita tano mnasimama dakika tatu kabla ya kutoka juu. Zile dakika tatu Bi Zainabu alikuwa ameshika mkanda wa Hamisi, na muda wote alikuwa ananitazama mimi.

Kwenye boti Hamisi alimpa maji ya kunywa, akamwangalia hali yake, kisha akamuuliza kwa upole, "Bi Zainabu, mbona hukumwambia mwenzio mapema?"

Bi Zainabu akanitupia jicho. Akafuta uso.

"Nilijisahau, mwanangu. Macho yalikuwa kwenye samaki."

Hamisi akasema, "Pole sana. Lakini kesho utatuwia radhi, hutashuka. Mtu asiyeangalia geji yake siwezi kumpeleka Kisite."

Kisite, ile hifadhi ya bahari, ndiyo ilikuwa siku kubwa ya safari. Kule kuna kasa, na Bi Zainabu alikuwa akimtaja kasa tangu siku ya kwanza.

Akajibu, "Hewala."

Nami nikanyamaza. Wakuu, nilinyamaza.

Mchana picha ikazunguka mkono kwa mkono. Kevo akapiga kelele, "Prof, hapa umeua! Hii ni ya kuframe!" Kila aliyenipa mkono wa pongezi nilitamani ardhi inimeze. Wali wa nazi ulinishinda, na mimi si mtu wa kushindwa na wali.

Alasiri nikamfuata Bi Zainabu barazani alipokuwa amekaa.

"Bi Zainabu, kwa nini ulisema vile?"

"Nilikusitiri," akasema. "Mtu mzima haaibishwi mbele ya kadamnasi."

Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Usidhani sikukasirika. Nina wajukuu wanne mimi. Pale chini nilikuwa nasoma shahada yangu kimoyomoyo, na wewe unapiga picha."

"Na kesho utafanyaje?" nikamuuliza.

"Nitakaa kwenye boti nile embe."

Hakuniambia niseme, wala nisiseme. Angeniambia ingekuwa rahisi zaidi.

Asubuhi yake tukiwa kwenye mahamri na mbaazi, Hamisi akaanza briefing. Akafika pale kwenye mdomo wa njano. Nikasimama.

"Hamisi, jana Bi Zainabu hakujisahau. Alinipa ishara mara mbili na akanionyesha geji. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri, kwa ajili ya picha."

Watu wakaacha kula. Hata Kevo.

Hamisi akaweka kikombe chini. "Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Asante kwa kusema," akasema. "Leo hutashuka."

"Na kesho?"

"Kesho tutaona. Leo siwezi kukuamini."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Kisha akamgeukia Bi Zainabu, na hapa akasema nisilolitarajia.

"Na wewe mama yangu, heshima yako iko pale pale. Lakini jana ulinificha. Huku juu sitirianeni mnavyotaka. Kwenye maji mimi nikifichwa, siku moja nitampelekea mtu maiti nyumbani kwake."

Bi Zainabu akainamisha kichwa. "Kweli. Nimekosa. Nisamehe."

"Yamekwisha. Leo unashuka na mimi."

Tukaenda Shimoni kwa gari, tukapanda boti. Wenzangu wakashuka majini, mimi nikabaki na nahodha. Alinimegea embe la Bi Zainabu. Tukakaa tunaangalia mapovu yakipanda. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba kila povu pale ni mtu anapumua. Saa nzima sikuondoa macho.

Bi Zainabu ndiye aliyetoka wa kwanza. Akavua miwani, akapiga kelele mpaka nahodha akacheka. "Wawili! Nimewaona wawili! Mmoja kanipita hapa hapa!"

Siku ya mwisho Hamisi alinipeleka kwenye maji ya mita tatu, mchanga mtupu, hakuna samaki hata mmoja. Kamera nikaacha. Alitaka nifanye zoezi la kumpa mtu hewa mpaka mikono izoee. Akauliza nani atakuwa buddy wangu.

Kevo akajitolea. Bi Zainabu akamwambia, "Kaa chini wewe. Huyu ni wangu."

Tulipiga magoti mchangani, uso kwa uso. Akatoa mdomo wake wa hewa, akapitisha mkono shingoni, akangoja. Nikampa wa njano. Akapumua, akarudisha. Tukarudia. Tulifanya hivyo mara nyingi sana siku ile, na kila mara alitoa hewa yake mwenyewe mdomoni na kuniangalia.

Hayo ndiyo yangu, wakuu.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kukaribia kumuua mwenzake bila chuki yoyote, akiwa na furaha tele, kwa kusema "subiri kidogo" tu. Siku hizi mtu akinigusa mkono nageuka. Nikiwa darasani, nikiwa nyumbani, nageuka kwanza, mengine baadaye.

Lakini kuna jambo bado linanisumbua na ndilo nataka tulijadili. Mimi namshukuru Bi Zainabu kwa kunisitiri, kwa sababu ilinipa nafasi ya kusema mwenyewe. Hamisi anaona lilikuwa kosa. Nami nikiwa peke yangu najiuliza, kama isingekuwa ile siku ya Kisite, je ningesema?

Nyinyi mngekuwa kwenye nafasi ya Bi Zainabu, mngefanyaje? Na kama kuna wazamiaji humu, hata mkinisema nitapokea. Uwanja ni wenu.