Ekseli ya Baiskeli ya Baba

Krii-ko, krii-ko. Kabla baba hajatokea kwenye kona ya migomba tulikuwa tumekwisha kumsikia, na mama aliinuka kwenda kusonga ugali wa muhogo. Ulikuwa mlio mkavu, wa chuma kinacholalamikia chuma, na ulitoka mara moja tu kila pedali ya kushoto iliposhuka. Harufu ya baiskeli ile naikumbuka pia. Baba aliipaka mawese kwa sababu mafuta mengine hayakupatikana, na ikipigwa na jua ilinukia kama chungu cha maharage. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Kijiji chetu kilikaa kando ya barabara ya udongo mwekundu itokayo Kibondo kwenda Kasulu, na ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe pale kutoka kwenye mashamba yetu ya zamani. Nyumba zilipangwa mstari mmoja kama watoto wa shule, na katika mstari wote ule baiskeli zilikuwa tatu. Mimi nilikuwa na umri wa miaka minane. Dada yangu Leokadia alikuwa na kumi na minne, amemaliza darasa la saba, na nyumba nzima ilikuwa inangoja majibu yake.

Barua ililetwa Alhamisi jioni na katekista aliyetoka Kibondo kwa miguu. Leokadia alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari, shule ya wasichana ya bweni katika mkoa mwingine ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuukanyaga. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Baba alichukua karatasi ile akaisoma kimya, kisha akaisoma tena kwa sauti, na aliposoma mara ya tatu ndipo tulipoelewa kwa nini uso wake haukuwa na furaha. Barua ilikuwa imechelewa njiani majuma mawili. Waliochaguliwa kutoka wilaya zote mbili, Kibondo na Kasulu, walitakiwa wakusanyike Kasulu, ofisi ya elimu, Jumatatu asubuhi. Lori lingewachukua hadi Kigoma kupanda treni, na mwalimu wa kuwasindikiza ndiye angekuwa na tiketi za wote. Basi lililokuwa likipita kwetu mara moja kwa wiki lilikuwa halijaonekana tangu mvua zilipolichukua daraja. Kasulu ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu, au siku moja kwa baiskeli yenye afya.

"Twende kesho alfajiri kwa miguu," mama alisema. "Tutafika Jumamosi jioni, tulale, tupumzike."

Baba alitikisa kichwa. "Mwanangu hataingia Kasulu kwa miguu, na sanduku kichwani, kama anayekwenda kuuza muhogo. Nitamfikisha kwa baiskeli Jumapili. Kesho naitengeneza."

Nimeyafikiria maneno hayo kwa zaidi ya miaka arobaini. Baba hakuwa mtu wa majivuno. Alikuwa mkulima wa tumbaku na maharage, mpole, mwenye mashati mawili. Lakini baiskeli ile aliinunua kwa misimu mitatu ya tumbaku, na nadhani hakuwahi kupata nafasi ya kuitumia kwa jambo kubwa linalolingana nayo. Jambo hilo sasa lilikuwa limekuja, naye hakutaka limpite. Leokadia alikuwa ameikumbatia barua. Ukiwa na miaka kumi na minne unadhani wakubwa wanajua wanachokifanya.

Ijumaa nzima baba aliutafuta ule mlio. Aliigeuza baiskeli miguu juu uani, akazungusha pedali kwa mkono, na haikutoa sauti yoyote. Akaipanda, akazunguka nyumba, krii-ko, krii-ko. Akashuka. Akasema ni tandiko, akalikaza. Akazunguka tena; mlio uko pale pale. Akasema ni cheni, akaiosha kwa mafuta ya taa na kuipaka mawese. Akasema ni pedali, akaifungua ya kushoto, akaisafisha, akairudisha. Kila mara alinipakia nyuma ili nimsaidie kusikiliza, na kila mara nilitamani kumwambia kwamba imepona. Mara moja nilimwambia hivyo kweli. "Baba, hailii tena." Aliniangalia, akatabasamu kwa huzuni, akasema, "Basi masikio yangu ndiyo yanayolia." Alasiri akafikia ile pini ndogo inayoshikilia mkono wa pedali kwenye ekseli, mafundi wanaiita kota. Akaigonga kwa nyundo mpaka ikazama. Mlio ukatoweka. Tulizunguka nyumba mara tano, mama akatoka jikoni kutazama, na hata Leokadia akacheka. Katika mzunguko wa sita ukarudi, mzito kuliko mwanzo, na safari hii niliusikia ukigonga chini ya makalio yangu, ndani ya chuma chenyewe. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tumeziba nyufa zote isipokuwa wenyewe.

Jumamosi asubuhi tuliisukuma kwa fundi Melkiadi. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mtu mrefu aliyekuwa amevuka mpaka miaka michache nyuma akiwa na begi la spana na mke mgonjwa, na spana ndizo zilizobaki. Hakuuliza mengi. Alimwambia baba apande, asimame juu ya pedali huku ameshika breki, kisha akaweka ncha ya spana ndefu kwenye fremu, pale chini pedali zinapokutana, na mpini wake akauweka sikioni kama daktari. "Ego," alisema. Ndiyo. Akashika mikono miwili ya pedali akaitikisa kushoto na kulia, nayo ikacheza kama jino la mtoto. "Mlio hauko nje, mzee. Uko tumboni. Ukiizungusha bila mzigo inanyamaza, ukiipa mzigo inalia. Ndivyo mtu mwenye ugonjwa wa ndani alivyo."

Akaing'oa kota, akafungua kikombe cha kushoto kinachozishikilia gololi, nazo zikamwagika kwenye kifuniko cha sufuria nilichokuwa nimekishika. Zilitoka na matope meusi. Nyingine zilikuwa zimepasuka vipande viwili, kama punje za maharage. Halafu akaitoa ekseli, akaifuta kwa kitambaa na kuielekeza kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa imeliwa, ina mfereji pale gololi zilipokuwa zikizunguka, na ndani ya mfereji ule kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

"Ekseli mpya?" baba aliuliza.

"Huku haipo. Kasulu huenda ipo. Manyovu, pale mpakani, ipo, wanavusha kutoka kwetu."

"Hii itafika Kasulu?"

Melkiadi aliigeuza mkononi kwa muda mrefu. "Inaweza kufika. Inaweza isifike. Ingekuwa yangu, ningeifunga sanduku, nikaisukuma, na mimi nikatembea."

"Tukianza kutembea sasa tutafika Jumatatu jioni."

"Mkianza sasa hivi hivi, mkatembea mpaka giza, na kesho mkaamka mapema, Jumatatu asubuhi mko Kasulu, mzee."

Baba alitazama jua. Ilikuwa yapata saa sita. Nguo za Leokadia zilikuwa bado kambani, na hatukuwa na chakula cha njiani. Akamwambia Melkiadi afunge. Fundi alichagua gololi nzima, akaongeza za zamani alizokuwa nazo kwenye kopo, akapaka mawese mahali pa grisi. Hakukubali kulipwa. Alimtazama dada yangu aliyekuwa amekuja kutuita chakula, akasema, "Usome, mwana wanje, mwanangu. Usome na kwa ajili ya wangu." Hatukuwahi kumwuliza wa kwake walikuwa wangapi.

Jumapili alfajiri nililia nipelekwe. Nililia kilio cha kujilaza chini, kwa sababu sikuwahi kuiona Kasulu na kwa sababu sikujua nitalala na nani kitandani. Mama alisema hapana. Baba akaniinua akaniketisha kwenye bomba la mbele. "Huyu ana uzito gani? Ni kuku tu huyu." Nyuma lilifungwa sanduku la bati, na Leokadia akakaa juu yake. Katika miaka yangu yote ya utu uzima nimekuwa nikijipima uzito wa siku ile. Kilo ishirini? Ishirini na mbili? Najua chuma kilikuwa kimeshapasuka kabla sijapanda. Najua, na bado najipima.

Tulikwenda vizuri. Penye vilima tulishuka na kusukuma, penye tambarare baba aliendesha, na baiskeli ilinyamaza kabisa. Kwenye daraja lililovunjika tulivuka juu ya magogo, sanduku kichwani kwa baba. Baada ya hapo mvua ikaanza, na barabara ikawa uji. Kulikuwa na kilima kidogo, kifupi tu, ambacho baba aliamua kukimaliza bila kutushusha. Akasimama juu ya pedali. Kukasikika mlio mmoja, kama kuni kavu ikivunjwa gotini, na mkono wa kushoto wa pedali ukaanguka barabarani na kipande cha ekseli. Baba akaanguka nao. Aliinuka akiwa amechanika goti, akaokota kipande kile, akajaribu kukirudisha kwa mkono, akakigonga kwa jiwe. Alijaribu hivyo kwa muda ambao hata mimi niliona ni mrefu mno. Mfa maji haachi kutapatapa. Leokadia alisimama kwenye mvua, barua ameificha kifuani ndani ya gauni.

"Tungetembea, baba," alisema.

Hakusema kwa hasira. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumsikia akilisema jambo hilo. Tuliisukuma baiskeli na sanduku mpaka miguu yangu ikakataa, baba akanibeba mgongoni, Leokadia akasukuma yeye. Tulilala kwa watu tusiowajua, wakatupa samaki wa migebuka na ugali. Kasulu tuliingia Jumatatu, jua limepita utosini.

Karani wa ofisi ya elimu alikuwa kijana mwenye adabu, wa kutoka mikoa ya mbali. Alitusikiliza mpaka mwisho. "Lori limeondoka saa mbili, mzee wangu. Mwalimu alisubiri nusu saa zaidi, kwa ajili ya mmoja tu ambaye hakufika. Alikuwa anaitwa Leokadia." Baba alivua kofia. Karani akaahidi kuandikia shule, na aliandika kweli, mbele yetu. Jibu lilikuja baada ya mwezi na nusu: nafasi imekwisha kujazwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na barua zetu zote zilikuwa fimbo za mbali.

Baba aliinunua ekseli mpya iliyotoka Manyovu mwaka ule ule, na Melkiadi akaifunga. Baiskeli haikulia tena. Ilikuwa inafika uani kimya, na mama alikuwa akishtuka kumwona baba amesimama mlangoni. Hakuipenda tena. Baada ya mavuno alimuuzia katekista, na mpaka anakufa alitembea kwa miguu. Leokadia aliolewa akiwa na miaka kumi na saba, akazaa sita, akazika wawili. Mimi nilichaguliwa miaka mitano baada yake. Barua yangu ilikuja mapema, na basi lilikuwapo. Nikawa mwalimu.

Mwaka jana tulisafiri pamoja kutoka Kibondo kwenda Kasulu kumtazama ndugu mgonjwa hospitalini. Barabara ni lami sasa. Nilijiandaa kukiona kile kilima, nikawa natazama dirishani, na kumbe tulikwisha kukipita bila mimi kukitambua, wakandarasi wamekikata. Safari iliyotushinda kwa siku mbili ilichukua muda wa mtu kula mahindi mawili ya kuchoma. Vijana ndani ya basi walilalamika kwamba dereva anakwenda polepole. Nilitaka kufurahi kwa ajili yao, nikashindwa, maana nililoliona ni jinsi kitu kilichomnyima dada yangu maisha yake kilivyokuwa kidogo.

Leokadia alitazama nje karibu njia nzima. Tulipoanza kuona mabati ya Kasulu akanigeukia, mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, mikono imekomaa kwa jembe.

"Kule bweni," aliuliza, "mlikuwa mnalala vitanda vya namna gani?"

Hakuwa amewahi kuniuliza neno lolote kuhusu shule.

"Vibaya, dada," nikamwambia. "Vya chuma, na kunguni watupu. Hukukosa kitu."

Akarudisha macho dirishani.

"Niambie ukweli," akasema.