Mama Aurelia Aingia Majini

Pale Lizaboni, mjini Songea, Hilda alijulikana kwa mambo mawili: sauti yake ya pili kwenye kwaya ya parokia, na woga wake wa maji. Mwanamke aliyewahi kumkimbiza kibaka sokoni na mwiko mkononi! Lakini mwambie avuke mto Luhira kiangazi, maji yakiishia kwenye kifundo cha mguu, anakutazama kana kwamba umemtukania mama yake. Alipokuwa msichana mto ulimzoa akiosha mihogo, akaokolewa kwa kuvutwa nywele. Tangu hapo maji yake yalikuwa ya beseni, basi.

Sasa Mungu naye ana utani wake. Binti pekee wa Hilda, Aurelia, akaenda kupendwa na Mnyasa! Yohanes alikuwa mvuvi, kijana mpole aliyekuja Songea kuuza usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, miaka ile ya ruksa, kila mtu alipokuwa anauza alichonacho. Wakafunga ndoa, akamchukua mkewe hadi kijijini kwao ziwani, mahali ambapo barabara haifiki: unashuka lori Mbamba Bay, unapanda boti. Hilda alicheza harusini mpaka kiatu kikakatika mkanda, lakini kumsindikiza mwanawe kuliishia stendi. Mwaka ukapita hajafika kwake.

Kisha ikaja habari kwamba Aurelia ana mimba, atajifungua baada ya mavuno.

Uzazi wa kwanza, jamani! Nani atamwogesha mtoto? Nani atampikia mzazi uji wa ulezi? Kwao hiyo ni kazi ya mama, na mama anayeikwepa atasemwa mpaka kaburini. Kusemwa Hilda angevumilia. Kilichomchoma ni kumfikiria mwanawe akilia kwa uchungu katikati ya wakwe, na yeye kaketi Songea anaogopa maji.

"Nitakwenda," alimwambia Zabibu, jirani yake kwenye meza za mitumba. "Ila sipandi chombo kabla sijajua kuogelea. Kikipinduka je?"

Zabibu alikuwa Myao wa Tunduru, mama mnene mwenye maneno mengi, aliyekulia kando ya Ruvuma. Alicheka mpaka akashika meza. "Wallahi, Mama Aurelia, na utu uzima huo?"

"Utu uzima wangu unakuwasha nini? Utanifundisha au hunifundishi?"

"Nitakufundisha, shoga yangu. Ukifa maji nitagombana na nani hapa sokoni?"

Huko nyuma ya Mjimwema mzee Pankrasi alikuwa na bwawa la samaki, upande mmoja maji ya kifua, upande wa pili yanakuzidi. Aliwaruhusu, mradi wasimkanyagie perege wake. Siku ya kwanza Hilda alifika na kitenge alichojifunga kama anakwenda shamba: kirefu hadi miguuni, kimekazwa, fundo juu ya fundo. Hatua ya tatu kitenge kikamzonga miguu, akakaa kitako majini, anamwita Bikira Maria na watakatifu wote.

"Unakwenda kulima?" Zabibu alimuuliza akimwinua. "Kipandishe mapajani! Samaki wana habari gani na mapaja yako?"

Kuelea alikuweza upesi kuliko walivyotarajia, maana Zabibu alimshika mgongo, akampigia hadithi za umbea, kisha akautoa mkono kimyakimya. Hilda alipogundua ameachwa tayari alikuwa anaelea, tena anauliza, "Ehe, halafu mume wake akasemaje?"

Kazi ilikuwa mikono. Hilda amepura maharage tangu utoto, na maji aliyapura vilevile. Pa! Pa! Pa! Perege walikimbilia kwenye matete, mzee Pankrasi akatoka kwenye kibanda kuuliza kuna nini. Hilda mwenyewe hakwenda mbele hata hatua moja.

"Maji hayana ganda, dada," Zabibu alisema huku akijifuta uso. "Usiyapige. Yachote mbele, yasukume nyuma. Chota, sukuma."

Halafu pumzi. Akiingiza uso majini tu, Hilda alijifunga pumzi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, kisha anaibuka anakohoa. Zabibu alimsihi apumulie majini, wapi! Kila siku ni yaleyale. Jioni moja alirudi nyumbani akilia kabisa, akajilaumu njia nzima: mama gani huyu, mtoto anakaribia kujifungua na yeye anashindwa na bwawa la perege?

Jibu alilipata kwenye mazoezi ya kwaya. Mwalimu wao Amedeus alikuwa anawagombeza kama kawaida: vuta pumzi upesi, itoe polepole na wimbo. Hilda akaduwaa, kitabu mkononi. Kumbe! Kesho yake aliingiza uso majini, akaimba. Mapovu yakapanda kama sufuria ya makande. Mwisho wa mstari anageuza uso pembeni, anavuta, anarudi kuimba.

"Allahu Akbar!" Zabibu alipiga makofi. "Kanisa limehamia bwawani!"

Mahindi yalipokwisha kuvunwa, Hilda alikuwa analivuka bwawa, mbaya wa mwendo lakini hazami. Akafunga unga wa ulezi, kanga na sabuni, akapanda lori.

Kwenye boti alishika ubao mpaka vidole vikafa ganzi, lakini alikaa. Walipofika mbele ya kijiji nahodha, Rupert, akazima injini mbali kidogo na ufuko kwa sababu ya miamba. Abiria wa hapo hushushwa kwa mtumbwi. Mtumbwi ukaja, na mpiga kasia alikuwa Yohanes. Alipomwona mama mkwe wake akasimamisha mtumbwi kando, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama. Amejifungua salama usiku. Mtoto wa kiume."

Hilda alipiga kigelegele mpaka boti ikatikisika. Kisha akautazama mtumbwi: ni wa gogo moja. Watu wawili wakikaa, magoti yanagusana. Na kwao Hilda, mama mkwe na mkwewe hawapeani hata mkono.

"Hakuna mwingine wa kupiga kasia?" Hilda aliuliza.

"Wamekwenda msibani, mama. Labda mimi niteremke, niusukume nikiogelea..."

"Uvue shati mbele yangu? Ala!"

Rupert alitazama mawimbi. "Mama, upepo unapanda, siwezi kungoja. Ingia tu, Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa. Mimi ndiye nitakayemtazama mkwe wangu usoni." Hilda akampitishia Yohanes mzigo, akaanza kukipandisha kitenge. "Tangulia na mzigo, baba. Usigeuke nyuma!"

"Mama, hapa pana kina!" Rupert alipiga kelele, lakini Hilda alikwishajitupa majini.

Chota, sukuma. Wimbi la kwanza lilimjaza kinywa, na kwa kitambo alikuwa tena yule msichana wa Luhira. Mikono ikaanza kupura. Akajilaza chali kama alivyofundishwa, akakohoa, akalitazama anga mpaka moyo ulipotulia. Kisha akajigeuza, akaanza wimbo upya.

Mbele yake Yohanes alisikia kwaya ikichemka majini, na hakuthubutu kugeuka. "Mama, upo?"

"Nipo! Piga kasia!"

Alitoka majini kwa magoti, akajistiri, akaelekea moja kwa moja alikoonyeshwa. Aurelia alikuwa ameketi mkekani, mtoto kifuani. Alimtazama mama yake akichuruzika maji, mama yuleyule aliyekuwa akimchapa kwa kukaribia kijito tu.

"Umeogelea? Mama, huogopi tena?"

"Naogopa, mwanangu. Naogopa mpaka sasa," Hilda alisema. "Haya, nipe kanga kavu, nimshike mjukuu wangu."