Mama Vioo na jiwe lililoitangulia Dunia

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Vioo anafunga bomba la maji, kisha analizungushia kitambaa na kupiga mafundo mawili. Si kwamba linavuja. Anauogopa mkono wake mwenyewe.

"Huu mkono una miaka ishirini na mbili ya kukimbilia maji," anasema. "Nikijisahau kidogo tu, umeshafika."

Mezani kuna kipande cha jiwe jeusi, kikubwa kama harage. Kilianguka kutoka angani miaka mitatu iliyopita, kikatoboa paa la ghala la mbao. Kazi ya Mama Vioo ni kukibandika kwenye kioo kwa gundi na kukisaga hadi kiwe chembamba kuliko unywele, mwanga upenye, wataalamu wakisome kwa hadubini. Kikiharibika, hakuna kingine.

Zamani alikuwa fundi vigae. Maabara hii ya miamba ilimwita kutengeneza sakafu kwa siku mbili. Walipoona anavyokata, wakamwomba abaki. Sasa ana miaka hamsini na saba, na ncha za vidole zimelika hadi alama zimefutika.

"Simu yangu mwenyewe hainijui," anacheka. "Nikiigusa inaniuliza, wewe nani?"

Ukimuuliza jiwe hili lina nini, anaweka kila kitu chini na kukueleza.

"Mwanzo hapakuwa na jua wala sayari. Palikuwa na wingu la gesi na vumbi. Likajikusanya, katikati likawaka jua, pembeni vumbi likaanza kushikana, chembe kwa chembe, kokoto kwa kokoto, mpaka zikawa sayari."

Dunia changa, anaendelea, iligongwa na mawe hayo hadi ikayeyuka. Chuma kikazama katikati, mawe mepesi yakabaki juu. "Kwa hiyo hata uchimbe vipi, mwanzo wake huupati. Ilijipika ikajisahau. Hili halikuyeyuka. Hiki kidoa cheupe ndani yake kina zaidi ya miaka bilioni nne na nusu. Kiliganda jua likiwa ndiyo kwanza linazaliwa."

Haya aliyajifunza baada ya kosa lililomgharimu. Mwaka jana nusu ya kwanza ya jiwe hili iliharibika mikononi mwake. Alikuwa hajawahi kusaga jiwe la angani, na aliona haya kuuliza. Akatumia maji, kama kwa mawe mengine, kumbe hili lina chembe za chuma na husagwa kwa spiriti. Kesho yake akakuta kutu.

"Maji yalikuwa mazoea," anasema. "Kosa langu hasa ni kunyamaza. Siku tatu nilikificha kwenye droo, nikijiambia labda itaacha. Kutu haiachi! Ningesema siku ileile, wangekikausha, na kidoa chake kikapona."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na kutu.

Hakufukuzwa. Alirudishwa kusaga kokoto zinazopimwa kwa ujenzi wa barabara, miezi kumi na moja. "Hakuna aliyenitukana. Hilo ndilo lililoniuma."

Leo amepewa nusu iliyobaki. Daktari wa mawe, mtaalamu wa miamba hapa maabara, kijana wa rika la mwanawe wa pili, amekaa kwenye stuli. Mama Vioo anadondosha spiriti na kusaga taratibu, mviringo juu ya mviringo.

Saa nne kasorobo, mkono unasimama. Anainua kioo dirishani. Ukingo wa kidoa cheupe umepata ufa. Macho yake yanakwenda kwenye droo, kisha yanarudi.

"Daktari," anasema hatimaye. "Kinang'oka. Njoo uone."

"Wapi, mama?"

"Hapa. Sijui ni mimi au ndivyo kilivyo. Lakini kinang'oka."

Daktari anainama, anatazama, kisha anakimbilia gundi. Tone moja linaingia kwenye ufa. Wanasubiri hadi mchana ikauke, na Mama Vioo hali chochote. Kisha anamalizia kusaga kwa kidole kimoja, taratibu zaidi.

Saa kumi kasorobo, mwanga unapenya. Kimemeguka ukingoni kidogo. Kilichobaki ni kizima.

"Ungesaga mzunguko mmoja zaidi, kingekwenda," daktari anamwambia. "Kaa wewe kwanza, uangalie." Anakaa, anaangalia kwenye hadubini muda mrefu, na anafuta macho bila kumficha mtu.

Mwezi ujao yanakuja mawe mengine mawili ya angani, na yeye ndiye atakayeyasaga. Atastaafu baada ya miaka mitatu. Kabla ya hapo anataka apewe mtu wa kumrithisha kazi.

"Kusaga atajua kwa mwaka mmoja," anasema. "Nitaanza na kumfundisha kusema, 'Daktari, nimeharibu,' kabla hajaulizwa. Hilo ni gumu. Mimi nimeliweza leo."