Gitaa Lililouzwa Chini ya Shuka

Heri mlisikie kwangu kabla soko zima la Garissa halijawafikishia.

Kaka yangu Musyoka, mpiga gitaa, tulimzika mvua za El Nino zilipokatika. Gitaa lake halikuonekana tena. Kwa hiyo nilipoona gitaa kuukuu la mbao, mfano wa lile lake, limetundikwa kwa Abdi, dalali wa ngamia, niliamua kulinunua. Ila nusu ya mshahara wangu wa upishi shuleni singeivuka.

“Linanikumbusha marehemu kaka yangu,” nikamwambia.

“Pole, walaal, ndugu yangu.” Akaushika mkono wangu, akaufunika kwa shuka lake.

Mimi biashara ya mifugo siijui. Nilidhani huku ndivyo wanaume wanavyopeana pole, kwa siri. Akanibana vidole viwili. Nami nikambana vyake vyote. Akashangaa, akabana tena taratibu. Nikaongeza mkono wa pili, nikabana kwa nguvu huku machozi yakinitoka.

Abdi akawageukia madalali wenzake. “Wallahi, mnunuzi kama huyu sijamwona! Namtajia bei kwa vidole msiijue, yeye anaipandisha tu, tena analia!”

Wakaangua kicheko.

“Nilidhani unanipa pole,” nikasema.

Kicheko kikakatika. Abdi akalishusha gitaa, akanipa kwa bei yake ya kwanza, ya vidole viwili, ambayo haikufika nusu ya mshahara wangu. Kisha akaninyooshea mkono nje ya shuka, mbele ya wote.

“Lete sasa nikupe pole yenyewe. Lakini usibane, walaal, utanunua na ngamia.”