Nilimpeleka binti yangu apimwe moyo

Naandika hii nikiwa kitandani na nyaya kifuani, kwa hivyo mnisamehe makosa.

Asubuhi binti yangu Wairimu, miaka hamsini na moja, alikuwa jikoni kwangu hapa mtaani Section 58. Ghafla jasho likamtoka, akashika meza.

"Mum, usishtuke. Ni hii joto ya kukoma hedhi."

Nilishtuka!

Maneno kama hayo niliyasikia miaka ya hamsini, nikiwa mtoto, kwa shamba la mzungu huko Molo. Mama alikuwa anachuna maua ya pareto, jasho linamtiririka. Wamama wenzake wakamwambia ni joto ya umri, itapita. Yeye akasema amechoka tu. Akainama kuchukua kikapu chake, na hakuinuka tena.

Basi nikamburuta Wairimu hospitali, amenuna njia nzima.

Daktari akampima. Moyo wake uko sawa kabisa, kumbe ni joto tu kweli. Aibu niliyoona!

Lakini akatueleza kwamba homoni za kike zikishuka, moyo unapoteza kinga kidogo kidogo, na hatari inazidi miaka ikisonga.

Kisha akanigeukia. "Shosho, na wewe panda hapa tukupime."

Nikacheka, nikapanda.

Aliangalia karatasi ya kipimo changu muda mrefu. Tabasamu likamwisha usoni.

"Wiki hii umekuwa ukijisikiaje?"

Wairimu akanishika mkono kabla sijafungua mdomo. Jibu analijua, nimemwambia kwa simu kila siku.

"Nimechoka tu."

Wamama wenzangu, naogopa. Nani mwingine hapa amechoka tu?