Benchi la Jua na Mama Mkwe

Wataalamu waliotuletea benchi la jua mtaani kwetu Nabuyonga walipima kila kitu. Walipima jua linatokea upande gani na kivuli cha ghorofa ya jirani kinafika wapi alasiri. Wakachimba, wakamwaga zege, wakafunga benchi la chuma lenye paa la sola, matundu ya kuchajia simu pembeni na intaneti ya bure kwa yeyote atakayeketi. Jambo moja tu hawakuuliza: mtu na mama mkwe wake wakihitaji intaneti kwa wakati mmoja, watakaa wapi?

Maana hapa kwetu mwanamume hakai kiti kimoja na mama wa mke wake. Hawapeani mikono, hawali wakionana, na wakikutana njiani mmoja hugeuka ghafla, akijifanya amesahau kitu nyumbani. Mimi nilikulia Jinja, kwenye nyumba za mabati za kambi ya polisi, ambako makabila yote yalichota maji kwenye bomba moja na kugombana kwa Kiswahili kimoja, na tulikalia chochote kilichokuwa wazi. Adabu za ukwe nilifundishwa ukubwani na mke wangu, kwa ukali ambao kuruta yeyote angeutambua. Mama yake naye hakunisamehe Kiswahili changu. Kwake hiyo ni lugha ya watu wanaogonga mlango kwa kitako cha bunduki, ingawa yeye mwenyewe anakizungumza vizuri tu, alikiokota sokoni Busiu akiwauzia Wakenya ndizi. Akaniita afande. Mimi nauza misumari na bawaba katika duka la vifaa vya ujenzi, na sijawahi kushika hata manati.

Mwaka juzi mke wangu alikwenda Uarabuni kumtunza bikizee mmoja mgonjwa, kwa mkataba wa miaka miwili. Bando la simu lilikuwa likiisha kabla hatujamaliza salamu, kwa hiyo benchi lilipokuja tulilishukuru sana. Kila Jumapili alasiri mke wangu alikuwa huru kwa saa moja, na kila Jumapili alasiri mimi na mama yake tulikuwa pale, kila mtu na upande wake wa barabara.

Simu ya picha ilikuwa yangu. Yake ni ya tochi, ambayo haiwezi kuonyesha uso wa mtu. Basi tukajiwekea utaratibu bila kuambiana neno. Mimi nakaa kwanza, nampigia mke wangu, tunaongea yetu. Kisha naiweka simu juu ya benchi, naondoka hadi kwenye meza ya mkaanga chapati, nampa barabara mgongo. Mama mkwe anavuka. Anapangusa pale nilipokaa kwa ncha ya leso, kwa sababu joto la mkwe nalo ni mkwe, anaketi, anachukua simu na kuibana sikioni. Kwa miezi mitatu mke wangu alizungumza na sikio. Akimwomba mama yake aishike mbele ya uso, mama anajibu kwamba mbele hakuna sikio. Akimaliza anakohoa mara mbili, nami narudi kuchukua mali yangu.

Mkaanga chapati alikuwa akitutazama huku akitikisa kichwa. Ndiye aliyejipa kazi ya kulinda benchi, na alilifahamu kuliko waliolijenga.

Sasa, Jumapili moja mke wangu akaniambia tajiri wake anataka asaini miaka mingine miwili. Angetoa jibu baada ya juma moja. "Wewe unasemaje?" akauliza. Nikamwambia afanye anavyoona. Niliyasema hayo kwa sauti ya mtu mwenye busara, kisha nikarudi nyumbani nikashindwa kula. Nilitaka arudi. Nilitaka arudi siku hiyohiyo. Lakini mama yake alikuwa anajengewa nyumba Busiu kwa mshahara huo, kuta zimefika usawa wa madirisha, na mimi nikaamua kichwani mwangu kwamba mama huyo hatakubali kuta zisimame hapo. Kumwuliza sikuweza, kwa hiyo nikamchukia kimyakimya, juma zima, kwa jambo ambalo hakuwahi kulisema.

Ikaja Jumapili ya jibu. Mvua ilikuwa imekaa juu ya mlima Wanale siku tatu na jua hatukuliona. Nilipofika, taa ndogo ya benchi ilikuwa nyekundu.

"Iko na dakika kidogo tu," mkaanga chapati akasema. "Mtu moja. Wawili haiwezi."

Ng'ambo ya barabara mama mkwe alikuwa amesimama na mwavuli wake, na alikuwa amesikia. Nikapiga. Simu ilipoanza kuita nikaiweka juu ya benchi nikaondoka, nimwachie yeye. Hata chuki yangu ilikuwa na adabu. Nikageuza mgongo, nikangoja. Nilipochungulia, naye alikuwa amegeuza mgongo, ameniachia mimi. Benchi lilikuwa tupu, na simu imelala chali inaongea na paa.

"Mko wapi?" mke wangu alikuwa anauliza. "Mbona naona mabati tu?"

Mkaanga chapati ndiye aliyekosa subira. Akainyakua simu kwa mikono yenye unga, akasimama nayo mbele ya benchi. "Kaeni," akasema. "Inakwisha hii."

Mama mkwe akavuka barabara. Akafungua mwavuli, akausimamisha katikati ya benchi kama ukuta, akaketi upande wake akiushikilia.

"Ambia afande akae," akaiambia simu. "Kiti iko refu."

Nikakaa upande wangu, nikaona mbavu za mwavuli. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke, mke wangu alituona wawili pamoja, na alicheka mpaka akaishiwa pumzi. Mama yake hakucheka. Kwa kawaida angezungumza naye Kimasaba, lugha yao, lakini siku hiyo alishika Kiswahili, polepole, nisikie kila neno bila yeye kuniambia chochote.

"Uliza bwana yako. Kwani yeye hataki bibi?"

"Mama anauliza kama hunitaki," mke wangu akaniambia, kutoka Uarabuni.

"Nimesikia."

"Sikuuliza kama umesikia."

"Mimi nasema rudi tangu mwezi ya kwanza," mama akaendelea. "Jumapili ilipita wewe unaniambia bwana anasema fanya vile unaona. Hiyo ni maneno gani? Ile nyumba inaweza ngoja. Matofali haiozi."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Juma zima nilikuwa nimemsimamisha mama wa watu mbele ya mahakama ya kichwa changu, nikamhukumu, naye alikuwa upande wangu tangu Januari. Taa ilianza kupepesa. Hapakuwa na nafasi ya kumwita mke wangu pembeni wala ya kutafuta maneno ya heshima.

"Usisaini," nikasema. "Nimekukumbuka mno. Nalala upande wako wa kitanda, kwa sababu upande wangu usingizi haunishiki. Rudi nyumbani."

Mwavuli ulishtuka. Mkaanga chapati aliinamisha uso na kutazama viatu vyake, lakini simu hakuiteremsha. Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alipokiondoa, sauti ilitoka ndogo.

"Sisaini," akasema. "Nitawaambia kesho asubuhi."

Upande wa pili wa mwavuli nilisikia mama mkwe akivuta pua, akitafuta ncha ya leso.

"Ambia bwana yako," akasema hatimaye, "ile ya kitanda mimi sikusikia."